Nilimkataza dada asiongee na mwanangu

Jumatano usiku nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa Nkuhungu. Ana mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi kumi. Hasemi. Haiti mama, haiti baba, na akitaka maji anamvuta mtu mkono mpaka kwenye ndoo. Mwishoni ameandika: "Mawifi zangu wameshaanza kunisema. Wewe ulifanyaje?" Nilishindwa kulala, kwa sababu hilo neno wifi liligusa palepale kwenye kidonda.

Usiku ule nilimjibu kwa kifupi. Jibu refu ni hili, na nimeamua kuliandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Mimi nilihamia Dodoma mwaka 2018, ofisi zilipokuwa zinahama kutoka Dar es Salaam. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka uliofuata, tukiwa tumepanga Kisasa. Zile siku 84 za likizo ya uzazi ziliisha kama usingizi wa asubuhi, nikarudi kazini. Saa kumi na mbili na robo niko kituoni nasubiri basi la wafanyakazi, na nikirudi saa moja usiku mtoto anasinzia. Aliyebaki naye kutwa nzima ni dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka vijijini huko Bahi.

Yule binti alikuwa anajua kuongea. Anasimulia, anaimba, anacheka na watu wa gengeni. Ila Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kigogo, na akisahau kidogo anahamia Kigogo chenyewe. Na mimi nilikuwa na ndoto kubwa na mwanangu, kama ulizo nazo wewe unayesoma hapa. Nilitaka aanze shule ya mchepuo wa Kiingereza akiwa tayari anakijua, asije akapata shida niliyoipata mimi kidato cha kwanza. Nikamwita dada jikoni, nikamwambia kwa sauti ya upole kabisa: "Usimwongeleshe mtoto Kigogo. Na hata Kiswahili usimwongeleshe sana, utamharibia matamshi. Muwashie katuni." Nikalipia kifurushi kikubwa cha king'amuzi, katuni za Kiingereza asubuhi mpaka jioni.

Dada alikuwa mtiifu. Alinyamaza.

Mwanangu alipotimiza miaka miwili alikuwa na maneno manne, na mawili kati ya hayo nilikuwa nayaelewa mimi tu. Alijua kuguna nyimbo za katuni, lakini ukimwita jina haangalii. Sikukuu moja tulikuwa nyumbani kwa ukoo wa mume wangu, watu wamejaa uani, wifi yangu akamwinamia mtoto akasema, "Huyu si bubu huyu?" Watu wakacheka. Nimeshamsamehe, na namwombea mema. Lakini waliocheka nawakumbuka mmoja mmoja mpaka leo.

Siku hiyohiyo mama mmoja mtu mzima alijitolea kunipeleka kwa mtu anayekata kimeo, eti ndicho kilichomzuia mtoto kusema. Namshukuru Mungu nilikataa. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakimcheleweshi mtoto kusema, na kidonda chake kinaweza kuvuja damu au kuoza mpaka ukampoteza mtoto. Kama umeshapewa ushauri huo, tafadhali kataa hata kama anayekupa ni mkubwa wako.

Nikaenda kituo kimoja cha afya. Mhudumu hakumwangalia hata usoni. Alisema, "Wanaume huchelewa, mama, mrudishe akifika miaka mitatu." Nilitoka pale nimefarijika, na faraja ile ilinipotezea miezi minne. Hospitali nyingine ndiyo iliyompima masikio, yakawa mazima. Yule mtaalamu akaniuliza swali moja: "Nyumbani nani anaongea naye?" Nikajibu, "Yuko na dada." Akasema, "Sijauliza yuko na nani." Sikuwa na jibu.

Nataka nieleweke hapa. Daktari alinionya nisiseme katuni peke yake ndiyo iliyomchelewesha, kwa sababu wapo watoto wanaochelewa katika nyumba zenye maongezi mengi tu. Lakini mimi najua nyumbani kwangu kulikuwaje. Kulikuwa na sauti kutwa nzima, na hapakuwa na mtu hata mmoja anayemwitikia yule mtoto.

Mwisho wa mwaka 2021 mama mkwe akaja kutoka Chamwino kutibiwa mtoto wa jicho. Siku ya pili akaomba TV izimwe. Alisema, "Kinapiga kelele, na mimi sikioni." Ni mama mkwe, ningebisha vipi? Ikazimwa wiki saba.

Kila asubuhi alikaa kwenye mkeka, anamgeuzia mtoto uso, anasema, "Mbukwa." Hiyo ni salamu ya Wagogo, na anayesalimiwa huitikia hivyohivyo, mbukwa. Anasema, kisha anangoja. Anangoja hasa, kama unavyomngoja mtu mzima. Mtoto hakujibu siku ya kwanza wala ya tatu. Siku moja akatoa mguno tu, "mmh", na mama akaupokea kama jibu kamili: "Ehee! Nimelala salama, ila mgongo unauma. Na wewe je?" Akangoja tena. Mtoto akaguna tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba begani, nikachelewa basi.

Kitu kingine kilitokea ambacho hakuna aliyekipanga. Mwanangu alikuwa amezoea kumvuta mtu mkono na kunyoosha kidole, na sisi tunaelewa, tunampa. Bibi yake hakuwa anakiona kile kidole. Basi mtoto akalazimika kuleta kitu chenyewe na kukiweka mkononi mwake. Bibi anakipapasa, anakitaja polepole, anakirudisha, anauliza, "Umenipa nini?" Kijiko. Kiatu. Ubuyu. Sufuria yenye mlenda, ambayo nusura imuunguze. Anataja kwa Kigogo, anataja kwa Kiswahili, tena na tena, hachoki. Na dada naye, kuona mama mkwe anaongea Kigogo bila kukatazwa, akafunguka. Nyumba ikajaa maongezi kwa mara ya kwanza tangu tupange pale.

Wiki ya nne, asubuhi, mwanangu alitoka chumbani akasimama mbele ya bibi yake, na yeye ndiye akaanza: "Bukwa." Nilienda jikoni nikalia.

Desemba ileile Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayohusu watoto kuanzia kuzaliwa mpaka miaka minane. Ndani yake kuna maneno "malezi yenye mwitikio". Ningeyasoma mwaka mmoja kabla, ningeyapita kama maneno ya semina. Lakini nilikuwa nimeshayaona kwenye mkeka wangu. Mtoto anatoa sauti, wewe unaitikia, unangoja, anatoa nyingine.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nkuhungu, na wewe mwenye kichanga cha miezi miwili unayedhani bado mapema, itikia. Mtoto anasikia sauti yako tangu yuko tumboni. Akifika kama miezi miwili anaanza zile "aguu" zake, na hayo ni maongezi, mjibu kisha unyamaze umpe zamu yake. Ukimwogesha mtajie mguu, ukimpaka mafuta mtajie vidole. Ukimbeba mgongoni kwenda sokoni Majengo mwambie mnapita wapi. Kati ya miezi sita na tisa atasema "bababa", nawe sema "bababa" umrudishie. Akisema "aji" usimkemee kwamba amekosea, sema, "Ndiyo, maji. Maji baridi." Msimulie hadithi, mtegee vitendawili hata kama hajui kutegua. Na usiniambie huna muda. Mimi nilikuwa nao muda, saa moja usiku nilikuwa nao, nikautumia kushika simu. Tunalipa ada mamilioni ili watoto wajue lugha, na lugha yenyewe tunawanyima sebuleni bure. Tunatakiwa tuone aibu, wazazi wenzangu.

Na Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, chochote mnachoongea kwenu, ongeeni. Lugha mbili hazimchanganyi mtoto. Ukitaka kuhesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili pamoja, ndipo utajua ana mangapi. Kuhusu TV na simu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya mwaka asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja vilevile haishauriwi, na akifika miaka miwili isizidi saa moja kwa siku.

Sasa la masikio, na hili sitalizunguka. Mtoto asiyetoa "bababa" mpaka miezi tisa au kumi, asiyeonyesha kitu kwa kidole akiwa na mwaka na miezi michache, asiyekuwa na neno hata moja kwenye mwaka na nusu, asiyeunganisha maneno mawili kama "baba kuja" akitimiza miaka miwili, mpeleke. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa anasema akaacha, mpeleke wiki hiyohiyo. Usitosheke kwa kugonga mfuniko wa sufuria nyuma yake na kuona amegeuka, kwa maana mtoto anaweza kusikia kishindo na asisikie "s" na "f". Kama amewahi kutokwa usaha masikioni, kuugua homa ya uti wa mgongo, au alikuwa na manjano makali alipozaliwa, mwambie daktari hayo kabla hajauliza. Inaweza kuwa masikio, inaweza kuwa usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto awasiliane tofauti na wenzake, inaweza kuwa anachelewa tu, lakini anayejua ni aliyempima. Ukiambiwa wanaume huchelewa, sema, "Sawa, naomba apimwe."

Mwanangu sasa yuko darasa la kwanza. Ijumaa iliyopita shule ilipokuwa inafunga alisimama mbele ya wazazi akasema "Paukwa!", ukumbi mzima ukaitikia "Pakawa!", akasimulia hadithi ya sungura na fisi mwanzo mpaka mwisho. Wifi yangu alikuwepo. Nilimwalika mimi mwenyewe, na nikamtafutia kiti cha mbele.

Yule dada aliolewa mwaka 2022, yuko Manyoni. Aliondoka sijamwomba msamaha. Mwezi uliopita nilimpigia simu, nikamwambia nilimkosea yeye na nilimkosea mtoto, kwa kumnyamazisha ndani ya nyumba yangu. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mama, umeme ukikatika nilikuwa namwimbia. Nilikuwa naogopa tu kukwambia."