Daftari langu la istilahi na swali la wino mwekundu

Nikiwa sekondari nilikuwa na daftari la istilahi za fasihi ambalo wenzangu waliliazima kila mtihani ulipokaribia. Tashbihi, sitiari, tashihisi, taharuki: kila moja na maana yake, imepigiwa mstari kwa rula. Kisha siku moja nikarudishiwa insha ya uchambuzi wa hadithi fupi. Nilikuwa nimetaja tamathali tisa, yaani mbinu za kupamba lugha, kila moja na mfano wake, na pembeni mwa kila mfano mwalimu alikuwa ameandika neno lilelile kwa wino mwekundu: “Kwa hiyo?” Mara tisa. Nilinuna wiki nzima.

Leo nazipitia upya baadhi ya istilahi zile nikiwa na swali hilo mkononi. Tuanze na msuko, au ploti, maana hapo ndipo wengi huangukia. Mwanafunzi akiambiwa aeleze msuko, husimulia hadithi upya toka mwanzo hadi mwisho. Mwandishi Mwingereza E. M. Forster, mwaka 1927, alitoa mfano ambao sijaona wa kuushinda: mfalme alifariki, kisha malkia akafariki; hicho ni kisa tu. Mfalme alifariki, kisha malkia akafariki kwa huzuni. Hapo pana msuko, kwani kifo kimoja kimezaa kingine. Tangu nilipouelewa, nikimaliza rasimu huwa nachukua penseli na kuzungushia duara kila “kisha” na “halafu”. Zikijaa ukurasa, najua nimesimulia, sijachambua.

Forster huyohuyo ndiye aliyetofautisha wahusika bapa, waliojengwa kwa sifa moja tu, na wahusika duara. Bapa si tusi, jamani. Mlinzi wa lango anayetokea mara moja akianza kutueleza utoto wake wote, hadithi itakwama palepale langoni. Mhusika duara ni yule anayeweza kutushangaza na bado tukamwamini.

Mandhari nitayapitia haraka: jiulize nini kingeharibika kama kisa kingehamishiwa mahali au wakati mwingine. Kama hakuna, usiyapotezee aya nzima.

Kinaya na kejeli ndivyo vilivyonitesa zaidi. Chukua mtu anayeogopa wezi. Anaficha akiba yake mahali pa siri, na baada ya mwezi amesahau mwenyewe alipoificha. Hicho ni kinaya, mambo yamekwenda kinyume na alivyokusudia. Jirani akimwambia, “Hongera, sasa hakuna mwizi atakayeipata,” hiyo ni kejeli. Iko kwenye ulimi wa mtu na ina sumu kidogo. Kinaya hakihitaji mtu wa kukisema.

Na msimulizi si mwandishi! Anayesimulia kwa “mimi” anajua alichokiona tu, na anaweza kutudanganya. Ukiandika “mwandishi anasema” pale panaposema mhusika, umemsingizia mtu.

Dhamira nayo ina mvutano wake. Wapo walimu wanaoitumia kwa mambo yanayojadiliwa katika kazi, na wapo wanaoyaita hayo maudhui, wakibakiza dhamira kwa lengo la mwandishi. Muulize mwalimu wako mapema anafuata ipi. Kwa vyovyote, neno moja kama “usaliti” halitoshi. Sema hadithi inatuambia nini kuhusu usaliti.

Ile insha ninayo bado. Juzi nilirudia mfano wa kwanza, sentensi iliyosema sauti ya mzee mmoja ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Wakati ule niliandika: “Hii ni tashbihi kwa sababu ina neno kama.” Sasa naona kwamba mzee yule hakuwa amezungumza na mtu tangu mkewe aondoke, jambo ambalo msimulizi analitaja kurasa mbili mbele. Mlango ulikuwa umeshatuambia.