Jibu: Kwa nini Kirk na Spock hawakufutika?

Mkuu, umeuliza: kama daktari McCoy alirudi zamani akavuruga historia hadi meli yao ya angani, Enterprise, ikatoweka, mbona nahodha Kirk na msaidizi wake Spock walibaki? Jibu limo kwenye kipindi chenyewe cha mfululizo wa TV wa Star Trek, cha Aprili 1967. Wao walikuwa chini kwenye sayari, karibu kabisa na Mlinzi, lile lango la wakati. Historia ilifutika kwingine kote, si pale.

Utamu wenyewe uko kwenye kazi ya Spock. Trikoda yake, kifaa cha mkononi cha kupima na kurekodi, ilikuwa ikirekodi historia lango lilipokuwa likiionyesha, na McCoy akaruka ndani katikati ya kurekodi. Kwa hiyo ilinasa historia mbili, ya asili na iliyovurugwa. Yeye na Kirk wakamfuata McCoy kupitia lango, na kuzisoma akiwa New York ya 1930 ilibidi aunganishe mtambo kwa vifaa vya redio. Akaomba platinamu ratili tano au sita, wakati ujira wao ni senti 15 kwa saa! Ndipo zikatoka habari mbili za gazeti zinazopingana: Edith Keeler, mwanamke anayesaidia maskini huko, amekufa ajalini 1930, na Edith huyohuyo anakutana na Rais Roosevelt 1936. Akiishi, harakati zake za amani zinaichelewesha Marekani kuingia Vita vya Pili vya Dunia, na Ujerumani inatangulia kupata bomu la atomiki.

Angalia, ajali inapotokea Kirk hamsukumi Edith. Anamshika McCoy asimwokoe, basi.

Ufa uko kwa yule mzururaji aliyeiba silaha ya McCoy huko 1930 akajiua nayo kwa bahati mbaya. Kafa kabla ya siku zake na historia haikutikisika. Hapo waandishi walipita kimyakimya.