Jibu: Siku za karantini kukatwa kwenye likizo ya mwaka

Salaam ndugu. Mwenzako wa meza ya kuchambua barua ameugua, umeambiwa ujitenge, na msimamizi anataka siku hizo zitoke kwenye likizo yako ya mwaka. Usisaini kwanza. Angalia ni nani aliyekuagiza ujitenge, kisha umwombe agizo hilo kwa maandishi. Mimi mwaka 2020 niliambiwa kwa mdomo tu, nikapoteza siku tisa, na bado inaniuma. Ukiipata barua, omba likizo ya ugonjwa, nakala mpe mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Kuhusu kukataa zamu isiyo na barakoa: kwa nchi zilizouridhia, Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1981 unamlinda anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu. Ila toa taarifa papo hapo. Ukiondoka kimya wataandika utoro.