Jibu: maandishi yanabaki kushoto hata ukiweka xalign 0.5

Ndugu yangu wa Bukavu, umeuliza kwa nini maneno ya dereva wa chukudu (kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo) katika mchezo wako yanabaki kushoto kwenye skrini ya Ren'Py, programu ya kutengenezea michezo ya hadithi, wakati umeandika xalign 0.5, yaani katikati. Hiyo xalign inasogeza kisanduku kizima cha maandishi, mistari ya ndani haiigusi. Sentensi ikiwa ndefu hadi ikatike mistari miwili, kisanduku kinajaa upana wote na hakina tena pa kusogea. Ongeza textalign 0.5, ndiyo inayopanga mistari yenyewe; matoleo ya zamani ya Ren'Py yanaandika text_align.

Kwa mazungumzo ya kawaida, fungua gui.rpy, faili la muonekano wa mchezo, ubadilishe gui.dialogue_text_xalign na gui.dialogue_xpos ziwe 0.5 zote mbili. Na chunga sana nukta kwenye xpos, inayosema kitu kikae wapi kwa upana: xpos 1.0 ni ukingo wa kulia, lakini xpos 1 ni pikseli moja tu kutoka kushoto.

Ila mazungumzo marefu mimi ningeyaacha kushoto. Yakikaa katikati, kila mstari unaanzia mahali pake na jicho la msomaji linachoka kuutafuta. Katikati weka vichwa na machaguo. Halafu, kwa kuwa huku Goma wengi wataucheza kwa Kifaransa pia, jaribu kila skrini kwa sentensi ya Kifaransa iliyo ndefu kuliko zote.