Vidole vya zimwi kuvunjika

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini vidole vya zimwi lako, ile sanamu ndogo ya mchezo wa mezani unayoifinyanga, vinakatika kila mara. Tatizo ni kwamba ndani hamna waya. Kidole chembamba cha puti tupu (ule udongo laini wa kufinyangia unaoganda) hakihimili mikono ya wachezaji mezani. Anza na mifupa: sokota waya mwembamba wa shaba, uache ncha zitokeze kila kiganja, kisha zipake puti kidogo sana na uiache ikauke. Ukifinyanga juu yake, puti mpya inapata pa kushika.

Kama Green Stuff yako, yaani puti ya kijani inayopatikana kwa kuchanganya bluu na njano, ni ile ya utepe, kata utupe mstari wa katikati ambapo bluu na njano zinagusana. Pale huwa imeshaganda, na ndiko zinakotoka zile punje ngumu zinazoharibu uso wa sanamu. Changanya nusu kwa nusu mpaka michirizi yote iishe. Kwa makucha na pembe zidisha bluu, zitakuwa ngumu na utaweza kuzichonga kwa kisu. Kwa mbawa zidisha njano kidogo zisikatike zikipindwa.

Na tafadhali usiharakishe! Misuli leo, iache usiku kucha, ngozi na magamba kesho. Ukibonyeza magamba juu ya misuli mibichi, kila kitu kinabonyea. Kifaa kiwe na maji muda wote, puti isinate.

Kwa miamba ya kusimamishia sanamu usipoteze puti kabisa: gome kavu la mti, ukilipaka rangi ya kijivu, linatosha.