Maswali ya Wasomaji: Daktari Aliyekaa na Wagonjwa Wake

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi hapa Kisumu. Mwalimu wetu alimsifu Oliver Sacks, daktari wa mishipa ya fahamu, lakini kipindi kikaisha kabla hajatueleza zaidi. Alikuwa nani, aliwahudumia vipi wagonjwa wake, na je, ni kweli kwamba alipenda mimea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sacks alizaliwa London mwaka 1933. Wazazi wake wote wawili walikuwa madaktari. Mama alikuwa mpasuaji, na baba alikuwa na desturi ya kuwafuata wagonjwa majumbani mwao. Alisomea Oxford, kisha akahamia Marekani mwaka 1960.

Mwaka 1966 alianza kazi katika hospitali ya Beth Abraham, Bronx, jijini New York, na huko akawakuta watu walioganda kama sanamu kwa miongo kadhaa. Walikuwa manusura wa ugonjwa wa ubongo uliosambaa duniani wakati wa Vita vya Kwanza na miaka iliyofuata, ambao nao uliitwa ugonjwa wa usingizi, lakini usiuchanganye na malale yaletwayo na mbung'o, yale ambayo wazee wa bonde la Lambwe wanayafahamu. Mwaka 1969 aliwapa dawa ya levodopa. Waliokuwa kimya wakazungumza, na waliokuwa wamekaa wakasimama, ingawa kwa wengi nafuu hiyo ilivurugwa baadaye na mitukutiko ya mwili na fadhaa.

Ninalolithamini zaidi ni kwamba kabla ya dawa hiyo alikuwa amekwisha kukaa nao miaka, akiwatazama na kuwasikiliza, hata akagundua kwamba mtu asiyeweza kupiga hatua moja aliweza kucheza muziki ulipopigwa. Jalada la wodini huandika tu kwamba mgonjwa hatembei. Haliandiki kwamba aliwahi kuimba katika kwaya, na hilo hulijui mpaka uvute kiti umuulize.

Kuhusu mimea, ni kweli kabisa. Alipenda kuogelea, pikipiki na kunyanyua vyuma, lakini kangaga, mimea isiyotoa maua kama ile iliyojaa kivulini katika msitu wa Kakamega, aliipenda tangu utotoni, na mwaka 2000 alisafiri hadi Oaxaca, Meksiko, pamoja na wapenzi wenzake wa mimea hiyo, ili aitazame tu ikiwa inaota mahali pake.