Kutoa uvimbe tu si kubahatisha

Dada, umeuliza kama daktari anabahatisha kumwambia mamako mwenye saratani ya titi atoe uvimbe tu, titi libaki, na majirani hapo Kondele wanasema "mzizi utabaki". Habahatishi. Bernard Fisher, daktari wa upasuaji wa Pittsburgh, Marekani, alilinganisha wanawake wenye uvimbe usiozidi sentimita 4: wengine walitolewa titi zima, wengine uvimbe pekee. Mwaka 2002, baada ya miaka 20 ya kuwafuatilia, waliokuwa hai walikuwa karibu sawa pande zote. Wenzake walikuwa wamempinga vikali, maana tangu enzi za Halsted, daktari wa upasuaji wa zamani wa Marekani, kukata hadi msuli wa kifua ndiyo ilikuwa kazi safi.

Lakini mionzi, ile tiba ya kuua saratani iliyobaki baada ya upasuaji, msiiruke! Kwa waliotolewa uvimbe bila mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa takriban 39 kati ya 100. Waliopigwa mionzi, 14. Kwa hiyo kabla ya kusaini, ulizeni mionzi atapigiwa wapi, lini, na nauli ya wiki zote hizo itatoka wapi. Shangazi yangu ngozi iliungua kwapani, sidiria hakuiweza. Alijifunga leso kuukuu ya pamba mpaka akamaliza.